Deni la Kitabu cha Katuni

Nilipokuwa mwalimu mkuu, niliwahi kumnyang'anya mwanafunzi kitabu cha katuni. Nikamwambia kwamba historia husomwa, haichorwi. Sikumrudishia.

Nimestaafu, na sasa mjukuu wangu huniletea manga. Kwetu neno hilo hufuatana na pilipili. Kwa Wajapani ni hadithi za katuni. Nilianza na Waridi la Versailles, aliloanza kulichapisha Riyoko Ikeda mwaka 1972. Nilimpenda Oscar, binti aliyelelewa kama mwanamume, akamlinda Malkia Marie Antoinette, kisha akafa Bastille tarehe 14 Julai 1789. Nikamtafuta katika vitabu vyangu vya historia. Hayumo, amebuniwa tu! Nilinung'unika kama mtu aliyetapeliwa.

"Lakini Babu," mjukuu akasema, "vitabu hivyo hukuvigusa tangu ustaafu."

Kikafuata Gen wa Miguu Mitupu, cha Keiji Nakazawa. Huyu alikuwa na miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa siku hiyo. Katika hadithi, mtoto Gen anajaribu kunyanyua boriti zilizomlalia baba yake, na moto unakaribia. Hazinyanyuki.

Kwa miaka mingi nilifundisha vita hivyo kwa tarehe na mikataba, nikasahihisha mitihani, nikaridhika. Siku ile nilifunga kitabu, nikakaa kimya.

Mwanafunzi wangu yule sasa ni mtu mzima. Popote alipo, nina deni lake.