Nguzo Iliyobaki Ndani ya Ukuta

Wanaoikumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1980 wanakumbuka nyumba zilizozungushiwa michongoma au minyaa, na nyingine zisizo na uzio wowote. Nguzo ya umeme ilisimama pembeni ya kiwanja, fundi akija anapiga hodi, anapita uani, anaegemeza ngazi. Neno mkuza, yaani ule ukanda unaoachwa wazi chini na kando ya nyaya, wengi hawakuwa nalo, kwa sababu hawakulihitaji. Leo, Sinza au Kijitonyama, utaikuta nguzo ndani ya ukuta wa matofali, chupa zilizovunjwa zimepandwa juu yake, banda la kuku limejengwa shinani, na mlinzi hana ufunguo wa geti la nyuma. Nguzo haikuhama. Ukuta ndio uliokuja kuizunguka.

Maelezo yanayopendwa ni kwamba watu wameingiwa na tamaa. Mimi naona tamaa inasingiziwa. Sinza ilipimwa katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, wakati ambapo hatua mbili za ardhi hazikumnyima mtu usingizi. Bei ilipopanda, kila hatua ikawa fremu ya duka au chumba cha mpangaji. Ukanda usio na jiwe la mpaka, ambao mnunuzi haonyeshwi wala hausomi kwenye karatasi za mauziano, ataujuaje? Na wakati kuta zinapanda, kazi yenyewe ya umeme nayo imebadilika. Nguzo ya mti kutoka nyanda za Iringa na Njombe, kikosi cha mafundi kiliweza kuipitisha uchochoroni kwa mabega. Nguzo ya zege haibebeki hivyo. Inataka gari lenye winchi, na gari linataka njia. Njia imefungwa wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Mwenye kiwanja atasema: ardhi ni yangu, nina hati. Kisheria jibu lipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na sheria hiyo hiyo inatambua haki ya kupitisha huduma katika ardhi aliyomilikishwa mtu. Lakini inatambua na fidia pia. Anayelalamika kwamba nguzo ilisimikwa kwake bila kuambiwa wala kulipwa hanyamazishwi kwa kusomewa kifungu, na mimi sitamwita mkorofi.

Wengine watasema dawa ni rangi nyekundu, alama ya X na tingatinga. Kwa laini kubwa, za kilovolti 132 na kuendelea, nakubali bila kusita: chini ya nyaya zile hapakaliki, hakuna geti litakalosaidia. Ila laini za mitaani si hizo. Tena bomoabomoa haichagui. Mwaka 2017 sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo ilivunjwa kwa kuwa imo katika hifadhi ya barabara. Ikiwa shirika lenye wapima na wanasheria wake lilijikuta ndani ya hifadhi ya mwenzake, mama aliyenunua kiwanja kwa barua ya serikali ya mtaa tumdai nini? Na ukuta ukivunjwa bila mkuza kuchorwa kwenye ramani ya mtaa, mmiliki mwingine atajenga pale pale, kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo mkuza uandikwe kwenye hati na kwenye barua ya mauziano, na anayeomba kibali cha kujenga ukuta aonyeshe kwanza gari la mafundi litapita wapi. Kwa kuta ambazo tayari zimesimama, nawaomba wenye nyumba jambo dogo: toboeni geti mkabala na nguzo, na juu yake mwandike namba ya simu ya mwenye ufunguo.