Nilimnyang'anya mwanangu simu, kumbe ndiyo iliyokuwa darasa lake

Wahenga walinena kuwa hasira ni hasara. Methali hiyo niliwafunza watoto wangu wangali wadogo, lakini mimi mwenyewe sikuielewa barabara hadi mwaka wa 2020, na aliyenifunza ni kifungua mimba wangu.

Nina kiduka cha kupiga chapa na kutoa fotokopi katika jumba moja kuukuu la River Road, jijini Nairobi. Anayeijua barabara hiyo anazifahamu kelele zake: makanga wakiita abiria, mikokoteni ikigombea njia na malori, na muziki ukivuma kutoka maduka ya Luthuli. Hapo ndipo ninapopatia unga na karo.

Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuwa shule zote zifungwe kwa sababu ya korona, mwanangu alikuwa Kidato cha Nne katika shule ya bweni. Alirudi nyumbani Kangemi na sanduku lake la bati, nami nikadhani ni mapumziko ya wiki mbili tatu. Wapi! Wiki ziligeuka miezi.

Serikali ilipeleka masomo redioni na kwenye runinga. Nilifurahi, maana hata sisi katika miaka ya 1980 tulifunzwa na vipindi vya shule vya Voice of Kenya, tukiwa tumeizunguka redio moja kama vifaranga. Lakini mwanangu aliniambia, "Baba, redio haiulizwi swali." Nilimwona mtovu wa adabu.

Mama yake akamwachia simu yake. Punde si punde nikaanza kumkuta ameiinamia kila nirudipo. Siku hizo kafyu ilitulazimu kuwa nyumbani kabla ya saa moja jioni. Biashara ilikuwa imezorota, kodi ya duka ninadaiwa, na kijana anabofya na kucheka peke yake! Usiku mmoja niliamka saa saba nikamwona chini ya blanketi, uso unang'aa kwa mwanga wa simu. Sikuuliza lolote. Niliipokonya, na asubuhi nikaenda nayo River Road nikaifungia ndani ya droo. Mama yake alinung'unika. Mwanangu alinyamaza tu.

Siku ya tisa aliingia dukani mama mmoja kutoka Kawangware na simu ya bintiye. Alitaka nimchapishie masomo ya Kemia yaliyotumwa katika kikundi cha WhatsApp, kwa kuwa binti alilalamika kuumwa na macho. Nilipofungua picha ya kwanza nilipigwa na butwaa. Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wa mwanangu!

Swali lilikuwa hili: gramu 11 za kaboni dioksidi ni moli ngapi? Mwanangu alikuwa amegawanya 44 kwa 11, akapata 4. Binti wa mama yule alikuwa amemsahihisha: moli moja ina gramu 44, basi gawanya 11 kwa 44, jibu ni 0.25. Wenzao walimcheka, naye akajicheka, kisha mwalimu wao akatuma sauti yake akieleza kosa lilitoka wapi. Chini zaidi nikasoma: "Katibu wetu yuko wapi? Nani atatuandikia ya leo?" Waliuliza hivyo siku baada ya siku. Katibu mwenyewe alikuwa Kangemi mikono mitupu, na simu ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka niliposimama.

Jioni hiyo nilimrudishia mbele ya mama yake nikasema, "Mwanangu, nilikosa." Si neno jepesi kwa baba. Nilimwuliza kwa nini alikesha. Akanijibu kuwa usiku ndipo alipomnakilia masomo kijana wa jirani ambaye kwao hapakuwa na simu. Siku tisa kijana yule alikuja mlangoni na kurudi bure. Hilo liliniuma kuliko yote. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimchapishia masomo hayo dukani bila malipo hadi walipofunguliwa shule, Oktoba 12.

Sisemi kuwa mitandao haina miiba. Kabla hawajarudi shuleni, mtu wasiyemjua alijipenyeza katika kikundi hicho akidai anauza karatasi za KCSE, atumiwe pesa kwa M-Pesa kwanza. Mwalimu alimtoa mara moja na kuwaonya wanafunzi. Matapeli wa aina hiyo hawajaisha. Mwaka wa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu ziufunge mtandao wa Telegram wakati wa mitihani, ili kuzuia udanganyifu. Kikundi kisicho na mwalimu ni kama matatu isiyo na dereva.

Wazazi wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza. Kikundi cha masomo kiwe na mwalimu anayejulikana, saa maalum na somo maalum. Mtoto atume hatua za hesabu yake, si jibu tu, ili akosolewe. Asiye na simu au pesa za intaneti asisahaulike, kwani karatasi moja ya fotokopi yaweza kumvusha. Na kabla ya kunyang'anya, keti kando ya mtoto umwombe akuonyeshe anachosoma.

Mwanangu alifanya KCSE mwaka wa 2021 akapata C+ katika Kemia. Huenda angepata zaidi, sijui. Kila nifunguapo droo ile kutafuta chenji ya mteja, hukumbuka zile siku tisa.