Kabla ya Kipimo, Tusikilize

Kila ninapofundisha upimaji wa saikolojia, mawazo yangu hurudi nyumbani kwetu Kaisho, wilayani Kyerwa.

Wataalamu siku hizi wanalisifu dodoso linalojirekebisha. Badala ya kila mtu kuulizwa maswali yote, kompyuta huteua swali linalofuata kwa kutazama jibu lililotangulia. Muda huokolewa, na mgonjwa hachoshwi. Wazo hilo limo hata kwenye karatasi: dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 ya kupima sonona, na mara nyingi mawili ya mwanzo hutumika kama mchujo. Alama zisipofika kiwango, mahojiano huishia hapo.

Sasa tumfikirie mama wa Kaisho mwenye shamba la migomba na kahawa. Swali la kwanza: je, amekosa hamu au raha ya kufanya shughuli zake? Yeye hudamka kulima kwa kuwa asipolima watoto watalala njaa. Hamu haikuwahi kuulizwa. Atajibu hapana. Swali la pili: je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Atajibu kwamba Mungu yupo. Lakini ana mawazo mengi, na usiku usingizi haumjii. Usingizi ni swali la tatu. Hatalifikia.

Kosa si la kompyuta. Kompyuta hufuata uzito uliopewa kila swali, na uzito huo hutokana na majibu ya watu waliopimwa mwanzo. Ikiwa Wanyambo hawakuwamo, kipimo kitawahi tu kukosea.

Njia bora imekwisha kuonyeshwa kwa jirani. Huko Rakai na Masaka, Uganda, Paul Bolton na wenzake waliwauliza kwanza wanavijiji wayataje matatizo yao kwa maneno yao wenyewe. Zikatajwa hali mbili zenye majina ya Kiganda, yaani kujichukia na kujihurumia, nazo zikaingizwa katika upimaji. Matokeo ya tiba ya vikundi katika vijiji 30, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha nafuu kubwa.

Basi, mtumishi wa umma unayeletewa programu mpya ya kupima afya ya akili, uliza jambo moja kabla ya kutia saini: maswali haya yalijaribiwa kwa nani, na kwa lugha gani? Nanyi wanafunzi wangu, nendeni Kaisho mkiwa na daftari tupu. Dodoso litafuata.