Kioo Kwanza, i7 Baadaye

Nyumbani kompyuta ina swali moja tu: ni i ngapi? Ukijibu i7, mjadala umekwisha, wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika na hela inatoka. Ukijibu i5, unaangaliwa kama umemnyima mtoto haki yake. Wiki hii swali hilo limezunguka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Limeanzia Mlimba kwa kaka, likapita Ifakara kwa mjomba, likafika Dar kwa baba mdogo, na azimio likatoka: mtoto wa kaka, anayekwenda kusomea usanifu wa ndani, anunuliwe i7. Baba mdogo ameshatanguliza nusu ya bei. Sijapoa mpaka sasa.

Binti huyu hasomei uhasibu. Kazi yake chuoni itakuwa kutazama: rangi ya ukuta, kivuli kinavyoangukia sakafu, mstari mwembamba wa mchoro unaotenganisha mlango na fremu yake. Atatazama asubuhi, atatazama usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Na kwenye kundi, pamoja na ujumbe wote ule wa sauti wa dakika tatu tatu, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza habari ya kioo.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Jumamosi nilikuwa nimemsindikiza kijana wa jirani yangu dukani, hapa Hamburg ninakoishi. Naye anaanza kusomea ubunifu. Huku vyuo vingi vya fani hiyo havikupokei mpaka vione mkono wako, kwa hiyo utawaona vijana kwenye treni wamekumbatia majalada makubwa bapa yaliyojaa michoro ya penseli na rangi za maji. Kompyuta inafuata baadaye.

Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, hakumuuliza kijana ana euro ngapi. Alimuuliza anachora nini, anakaa mezani saa ngapi kwa siku, na dirisha la chumba chake liko upande gani wa meza. Dirisha! Kisha akaomba flashi yenye kazi zake mwenyewe, akafungua picha ileile kwenye monita nne zilizopangwa mstari mmoja: bakuli la nyanya mbele ya ukuta wa kijivu. Akashusha mwanga wa kila monita, maana dukani, alisema, huwashwa kwa mwanga wote ili zivutie wateja, na ukifanya kazi hivyo nyumbani macho yanachoka na picha zako zikichapishwa zinatoka na giza. Akamsogeza kijana kushoto, akamsogeza kulia, akamwambia achuchumae. Kwenye monita moja ule ukuta wa kijivu uligeuka wa manjano kila alipohama. Mwisho akafungua picha nyeusi tupu, akakinga taa ya dari kwa kiganja na kutuonyesha mwanga unavyovuja kwenye kona.

Kijana aliondoka na monita ya inchi 24, paneli ya aina ya IPS, ile isiyogeuza rangi ukihama, chini ya euro 150. Kuhusu kompyuta yenyewe mama yule alimwambia asikimbilie prosesa kubwa, aweke hela kwenye RAM. Tulikaa pale muda mrefu na hakuna aliyetukunjia uso.

Nikatoka dukani nimefurahi, nikafungua simu, nikakuta azimio la ukoo.

Sasa niseme kwa nini nachukulia jambo hili kwa uzito. Kipo kipimo cha rangi kinachoitwa sRGB, kilichowekwa mwaka 1996 na HP pamoja na Microsoft, ambacho mpaka leo ndicho lugha ya kawaida ya rangi kwenye kompyuta na intaneti. Kioo kizuri cha kufanyia ubunifu kinaonyesha karibu rangi zote za kipimo hicho. Vioo vya bei nafuu vya kompyuta za ofisini vinaonyesha kama theluthi mbili tu. Mwanasheria hatajua tofauti, kwa sababu yeye anasoma maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Mbunifu atachagua nyekundu ya pazia ambayo haoni, kisha mwalimu ataiona kwenye projekta, kisha steshenari watamchapishia, na kila mahali itatoka rangi nyingine. Atajilaumu yeye.

Na kompyuta tunazonunua Kariakoo nyingi ni hizohizo za ofisini. Zilitumika kwenye kampuni za Ulaya na Marekani miaka mitatu, minne, zikabadilishwa, zikapakiwa kwenye makontena. Ni mashine imara, sizibezi. Lakini kampuni inaponunulia makarani wake hainunui vioo vya wachoraji. ThinkPad T450 na T460, kwa mfano, nyingi zilitoka kiwandani na kioo cha vitone 1366 kwa 768, ambacho ukifungua programu ya kuchorea ya AutoCAD nusu yake inaliwa na vitufe vya programu. Zile zilizotoka huku Ujerumani zina kero nyingine: Z na Y zimebadilishana nafasi kwenye kibodi, kwa hiyo zinabandikwa stika juu, na stika zinabanduka kabla muhula haujaisha.

Hiyo i7 yenyewe inayotutoa udenda! Namba ya baada ya kistari ndiyo yenye habari. i7-6600U ya mwaka 2015 ina viini viwili. i5-8250U ya mwaka 2017 ina vinne. Yaani hiyo "ndogo" inaipita "kubwa" kwa kazi nzito, hasa ile ya kugeuza mchoro wa chumba kuwa picha kamili yenye mwanga na vivuli, ambayo inatumia viini vyote. Tena Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa ujumla kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha sita, kama hiyo 6600U, inauzwa kwa jina. Nimeyaandika haya yote kwenye kundi. Mjomba wa Ifakara akajibu kwa emoji ya dole gumba, akafuatisha tangazo la msiba.

Ninayo hasira nyingine na ile risiti ya Kariakoo. Mnaijua: "mali ikishauzwa hairudishwi," imepigwa chapa chini kabisa kama aya ya katiba. Huku, sheria za Umoja wa Ulaya zinampa mtu aliyenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu yoyote, na bidhaa mpya inakuwa na dhamana ya kisheria ya miaka miwili. Sisi tunanunua kifaa ghali kuliko baiskeli ya baba, kwenye meza ya kioo yenye foleni nyuma yako, huku kijana wa dukani anakuambia "hii bado mpya kabisa, bosi," na amefungulia wimbo kwa sauti kubwa ili usikie spika. Umekwenda kununua kitu cha macho, unahudumiwa masikio.

Babu yetu, Mungu amrehemu, alishika fito za wapimaji wakati TAZARA inajengwa. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kigumu kuliko vyote ni hiki chetu cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, mahandaki na madaraja yanapokezana. Babu alipenda kusimulia hema la Wachina la michoro. Alisema kambi nzima ilibana matumizi, chakula kilikuwa cha kujinyima, lakini juu ya ile meza taa hazikupungua na karatasi ilikuwa nzuri kuliko ya ofisi yoyote aliyowahi kuingia. Mchoraji asipoona vizuri, alituambia, handaki litatokea pasipo. Wajukuu wa mtu huyu ndio leo tumesahau kuuliza kioo.

Juzi binti amekwenda kuiangalia hiyo mashine, akanirekodia video. "Shikamoo shangazi, hebu angalia mwenyewe." Ameweka simu yake karibu na kompyuta, amefungua picha moja kote kuwili: kitenge cha mama yake, wekundu wa damu ya mzee na maua ya chungwa. Kwenye simu, kitenge kimewaka. Kwenye kompyuta kimefifia kama kimefuliwa na kuanikwa juani kiangazi kizima, na alipoinamisha kioo kidogo maua yakageuka kijivu. Simu hiyo alinunuliwa kwa bei isiyofika nusu ya bei ya hiyo i7. Vijana wetu wanaona rangi nzuri kwenye viganja vyao kila siku, halafu tunawapeleka chuo kujifunza rangi kwenye kioo kibovu kuliko simu zao.

Wapo walioniambia ninadekeza. Kwamba wasanifu wengi waliohitimu Chuo Kikuu Ardhi walianza na monita za chogo na majengo yao yamesimama. Yamesimama kweli, nayaheshimu. Ila chogo, pamoja na uzito wake, ilikuwa na rangi nzuri na haikubadilika ukihama kiti.

Baba mdogo amesema kwa nini tusinunue kompyuta ya mezani basi, yenye monita yake kubwa. Wazo si baya kwa Dar chuoni, ila likizo binti anarudi Mlimba. Mitambo ya Kihansi, megawati 180, iko pua na mdomo na kwetu, na bado kaka hachomeki friji bila kile kifaa cha kulinda umeme. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla, kazi ya usiku mzima imekwenda. Yenye betri inampa muda wa kuhifadhi. Hapo sijadiliani.

Lakini kuna kitu ambacho huku Hamburg sikipati, nacho kimenirudishia usingizi. Huku kioo cha kompyuta mpakato kikivunjika, fundi anakutajia bei inayokufanya uitupe mashine. Kariakoo fundi anafungua skrubu mbele yako, anatoa kioo cha zamani, anaweka kingine, umesimama palepale na maji yako ya chupa. Na kwenye mashine nyingi za ofisini za miaka ile, soketi ya paneli ya 1366 na ya 1920 kwa 1080 ni ileile ya pini 30. Maana yake ile i7 ya watu, ambayo nusu ya bei imeshalipwa na risiti haina huruma, inaweza kuvuliwa kioo chake na kuvalishwa IPS. Fundi lazima asome namba iliyo mgongoni mwa paneli kwanza, kwa sababu si zote zinakubali. Nimempigia baba mdogo, nikamwomba ampeleke binti mwenyewe, aende na picha ya kitenge kwenye flashi, na asilipe mpaka aione kwenye kioo kipya akiwa amekaa, amesimama, na amehamia pembeni.

Programu nimeshamaliza: Autodesk inawapa wanafunzi AutoCAD bure wakithibitisha chuo chao, na Blender ni ya bure kwa kila mtu, kwa hiyo hatuhitaji flashi ya mtu yeyote yenye virusi.

Inabaki monita ya nje, ambayo bado naitaka, na ambayo kaka anaipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza, chumba cha hosteli kina watu wengi na monita haiingii kwenye kabati lenye kufuli. Hiyo ni kweli, na sina jibu zaidi ya kumtafutia ndugu wa kumhifadhia. Ya pili ni mpunga. Magunia yaliyobaki ghalani hataki kuyauza sasa, anasubiri bei ipande, na hakuna atakayemlazimisha kuyatoa kwa lumbesa kwa walanguzi wa Juni. Nimemwambia asiuze. Nitalipa nusu kutoka huku, nusu yake aitoe bei ikipanda, na binti aanze muhula na kioo kilichobadilishwa. Kaka amesema atafikiri. Baba mdogo ameuliza kama hiyo monita nayo inakuja na i7.