Viota vya Madimba

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, njia inapita katikati ya mikorosho na minazi hadi Madimba. Siku hizi wengi wanaijua Madimba kwa gesi, maana kiwanda cha kusafishia gesi kilianza kazi hapo mwaka 2015 na bomba lake linafika hadi Dar es Salaam. Sisi akina mama wa kanisa tulikwenda kupima uzito wa watoto. Kazi ilipokwisha, wenyeji wetu wakatupeleka kuona mikoko.

Maji yalikuwa yamekupwa. Tukavua viatu, tukakunja kanga, tukaingia topeni. Walitutajia miti yao: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu, msinzi, mkandaa, na mlilana unaotangulia mbele baharini. Mchu ukizeeka hupata mashimo, na ndege wasiojua kujenga hutafuta mashimo ya namna hiyo wakatage. Tukauliza, shina kama hili likikatwa kuni, ndege atahamia wapi? Mama mmoja akacheka. "Na mimi nikikosa kuni, wanangu wahamie wapi?"

Swali lake ni la haki, wala halijibiwi kwa hotuba.

Huko Marekani yuko ndege mdogo wa manjano anayetaga katika mashimo ya miti ya kinamasi, na idadi yake imepungua. Kando ya mto James, jimboni Virginia, tangu mwaka 1987 watu wamemtundikia visanduku vya mbao juu ya maji, naye hulea makinda humo. Lakini kabla ya baridi kuanza ndege huyo huruka hadi kwenye mikoko ya Panama na Kolombia. Mikoko ikikatwa huko, sanduku la Virginia litabaki tupu.

Tena, si kila ndege anafaa kutengenezewa sanduku. Pale Madimba mnana walikuwa wakisuka viota vyao juu ya minazi kwa kelele nyingi, kama wanawake sokoni (tusiudhike, ndivyo tulivyo). Mnana ni fundi mwenyewe. Anachohitaji ni mahali.

Ndugu yake wa Kilifi, Kenya, anaitwa mnana wa Clarke, na duniani kote haonekani ila katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1913, lakini anataga wapi hawakujua. Ilipofika mwaka 2013, miaka mia kamili, ndipo viota vyake vilipopatikana Dakatcha. Havikuwa juu ya miti mikubwa walikodhania. Vilikuwa kwenye nyasi za bwawa la msimu, lile ambalo mvua ikikosekana halijai. Waliokuwamo katika kutafuta ni wanakijiji wa kikundi cha kuhifadhi msitu wa Dakatcha, pamoja na Nature Kenya na A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza uumbaji. Msitu huo unaliwa na mkaa na mashamba ya mananasi, kwa hiyo A Rocha imekuwa ikinunua vipande vya ardhi ili visifyekwe. Kwa ndege huyu bwawa ndilo sanduku, na seremala hawezi kulitengeneza.

Madimba nayo ina ulinzi wake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilometa za mraba 650, na mikoko haikatwi bila kibali. Lakini sheria haichemshi uji. Sisi wauguzi tunaokutana na mama na mtoto wake kifuani tunajua kwamba akiambiwa "usikate" bila kuambiwa atapika kwa nini, atakata usiku.

Jioni ile jibu lilitoka kwa wenyeji wenyewe. Bibi mmoja alituonyesha nyuma ya nyumba yake rundo la matawi ya mikorosho yaliyopunguzwa shambani, amelipanga hadi kimo cha kiuno. Mkorosho hupogolewa ili uzae vizuri, na matawi yake ni kuni. "Hizi zinanifikisha masika," alisema. Yule mama aliyetucheka alizitazama, akauliza shamba la nani lina matawi mengi zaidi. Wakaanza kuhesabu mashamba kwa vidole, nasi tukaenda kunawa tope.