Kwa nini sikutuma hela ya programu ya dogo

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana hapa Ingleburn. Ila simu zenu nazipata, hata zile za saa tisa usiku wakati huko ndiyo kwanza mnakula. Najua mnavyosema: dada yuko Australia, dogo anahitaji programu ya kumalizia chuo, dada kagoma. Basi leo naeleza, na mama mkubwa naye asomewe.

Dogo anasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa mwisho. Mradi wake ni mzuri jamani. Anataka friji za chanjo za zahanati zitume zenyewe kipimo cha joto hadi hospitali ya wilaya, kwa redio ndogo za LoRa zinazotumia umeme kidogo na kufika kilometa kadhaa. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikiharibika, unamchoma mtoto kitu kisicho na nguvu tena. Nilifanya kazi zahanati kabla ya kuja huku, ile karatasi ya friji naijua: inajazwa asubuhi na jioni, umeme ukikatika usiku hakuna anayejua.

Chuo kinataka kwanza auigize mtandao wake kwenye kompyuta. Akaomba hela ya leseni ya MATLAB na vikorokoro vyake. Kwangu hiyo ni zamu nne za Jumapili, na ndiyo niliyoiweka kwa ajili ya jicho la mama. Nikamuuliza: unataka kujua nini hasa? Akajibu, friji ngapi zinaweza kusikilizwa na antena moja kabla ujumbe haujaanza kugongana hewani.

Sisi manesi tunajifunza kwa midoli. Kuna mkono wa plastiki wa kutafutia mshipa, na kuna Resusci Anne, yule wa Laerdal wa Norway tangu 1960, wa kukandamiza kifua. Mkono uwe wa bei gani, hautakufundisha kumrudishia mtu pumzi. MATLAB ina uwezo mwingi, lakini ubingwa wake ni kwenye mawimbi yenyewe. Swali la dogo ni la msongamano wa ujumbe, na hilo lina programu zake: ns-3, iliyotoka 2008, ni ya bure kabisa, OMNeT++ ni bure kwa masomo. Zote zimeshaongezewa LoRa. Ya ns-3 inaitwa lorawan, ya OMNeT++ ni FLoRa, kazi ya Chuo Kikuu cha Aalto, Finland.

Tukabishana wiki nzima. Yeye alipenda OMNeT++ kwa sababu unaona ujumbe ukitembea kwenye skrini. ns-3 ni kuandika C++ mpaka macho yaume. Mimi nikasema ns-3, kwa sababu moja tu: msimamizi wake anaijua na wenzake wawili wanaitumia. Hata wodini, mashine nzuri ni ile ambayo saa nane za usiku kuna mtu wa kumwuliza. (Kuna mtu alitaka kumuuzia MATLAB ya wizi kwenye flashi. Nilikataa katakata. Mbele ya watahini utasemaje?)

Nimemsisitizia asiendeshe mara moja akaandika jibu. Presha haipimwi mara moja ukamwambia mtu ana presha. Abadilishe namba za bahati nasibu, arudie hata mara thelathini, aonyeshe majibu yanavyotofautiana. Tena programu haijui miembe wala mabati ya kwetu. Inakadiria tu jinsi mawimbi yanavyofifia, mpaka uilishe vipimo vya kweli.

Kwa hiyo hela nitatuma, ila ni ya redio mbili ndogo, atembee nazo toka hospitali hadi zahanati apime. Azinunue huko huko, na aulize TCRA kwanza masafa yanayoruhusiwa, maana za huku zinatumia 915 hadi 928 MHz.

Jicho la mama ni tarehe 14. Atakayempeleka anitumie ujumbe wakifika. Nitakuwa kazini, lakini simu itakuwa mfukoni.