Mkono Umetulia, Ngoma Haijatulia

Mwaka 2012 bwawa la Nyagak, kule upande wa Paidha, lilianza kutuletea umeme wa megawati 3.5. Mwaka huohuo Canon walitoa lenzi ya milimita 35 yenye tundu la f/2 na kizuia mtikisiko ndani yake. Sisi wapigapicha wa Arua, Uganda, tuliupokea umeme kwa shangwe na lenzi kwa mabishano. Lenzi yenye tundu pana namna hiyo, tuliulizana, ina haja gani ya kusaidiwa? Vizuia mtikisiko tulivijua kwenye lenzi ndefu za kuvuta, tangu Canon walipotoa ile ya 75-300 mwaka 1995. Kwenye lenzi fupi isiyovuta, wengi wetu tuliona ni mapambo ya kupandisha bei.

Tulikuwa na haki ya kubisha, maana giza tulilijua. Magharibi ya Nile, eneo letu, haikuwa kwenye gridi ya taifa, na umeme ulikuwa wa saa chache za jioni, siku ukipenda. Nilijifunza kazi enzi za filamu, na harusi za mtaa wa Oli nilizikuta zikiangazwa kwa karabai na jenereta moja inayokohoa nyuma ya nyumba. Flashi ndiyo iliyotuokoa, lakini iliharibu kila kitu: nyuso nyeupe kama zimepakwa unga, na nyuma yake weusi mtupu. Usiku wote ule, wageni, mikeka na moshi wa ubani, ulipotea.

Kamera za dijitali zilipoingia, sote tulikimbilia lenzi ya 50 yenye f/1.8, ile ya plastiki, nyepesi na ya bei ya kuvumilika. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kanuni moja tu: "Kijana, lenzi ya 50 usiipige chini ya moja ya hamsini ya sekunde. Ya 85, usishuke chini ya moja ya themanini." Chini ya hapo mkono wenyewe unaandika kwenye picha. Kwa miaka mingi tuliishi ndani ya kanuni hiyo, na giza likizidi tulipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha ikajaa chembechembe.

Mwaka 2015 Tamron walitoa lenzi za 35 na 45, zote f/1.8 na zote zina kizuia mtikisiko, na mwaka uliofuata wakaleta ya 85. Hiyo ya 85 niliipata Kampala, imeshatumika, nikarudi nayo kwa basi la usiku nikiwa nimeipakata. Ndani yake kuna vihisi vinavyopima jinsi kamera inavyopinda mkononi, na kundi la vioo linalosogezwa na sumaku kwenda upande wa pili, mara nyingi kila sekunde. Ukibonyeza kitufe nusu, unaona kwenye tundu la kutazamia picha inayumba, halafu ghafla inakaa, imetulia tuli.

Mahali pa kwanza iliponithibitishia thamani yake ni kanisani Ediofe. Misa ya ndoa, maharusi wamepiga magoti, padri hataki flashi, na mwanga wa madirishani hauwafikii vizuri. Kwa kanuni ya zamani ningepiga moja ya themanini kwa ISO 6400. Kwa lenzi ile nilishuka mpaka moja ya ishirini, ISO 1600, na ushonaji wa shela ukaonekana uzi kwa uzi. Kwenye mwili wa kamera ya zamani, tofauti ya ISO 6400 na 1600 ndiyo tofauti ya picha ya kuweka ukutani na picha ya kufutwa. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuiita mapambo.

Lakini doluka ni habari nyingine. Wanubi wa Oli wana ngoma hii ya harusi inayochezwa usiku, akina mama kwa shanga na vitambaa vyao, ngoma ikikolea polepole mpaka uwanja mzima unatikisika. Usiku mmoja nilipiga makusudi kwa moja ya kumi na tano, nione lenzi inafika wapi. Picha ninayo mpaka leo. Nyufa za ukuta zinahesabika. Birika la chai mkekani linang'aa, mpaka mkwaruzo wa mpini wake unaonekana. Mchezaji aliye mbele ana mikono ya moshi, na uso wake una macho manne. Hajjat mwenye nyumba aliitazama kwenye kioo cha kamera, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona ukuta umependeza kuliko binti?"

Swali lake ndilo jibu kamili. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wa mpigapicha, mchezaji hakimhusu. Anayecheza anahitaji moja ya mia na ishirini na tano, au zaidi, na kwa kasi hiyo mkono wako haudhuru tena. Kinachokupa kasi ni tundu pana, au mwanga. Na tundu pana nalo lina deni lake: lenzi ya 85 kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo lililo shapu lina kina cha sentimita 6 hivi. Mama akiinama kidogo mbele kwa mdundo, macho yameshatoka nje ya hapo. Kwa hiyo kwa ajili ya doluka nilinunua taa mbili za betri, nikazielekeza kwenye dari la turubai, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Barabara ya kutoka Vurra hadi Oraba, inayopita Arua na Koboko, ilipowekwa lami, kazi za Koboko ziliongezeka, na si za harusi tu. Mashirika yalitaka video za wakimbizi wa Kongo walioko Lobule, hukohuko Koboko. Mtu anakusimulia jinsi alivyovuka mpaka na watoto. Ukianza kupanga stendi ya miguu mitatu na kumwekea taa usoni, unamnyamazisha. Nilikaa naye kwenye mkeka mmoja, kamera mkononi, na lenzi ikashikilia picha kwa kiasi ambacho mtazamaji haoni kuyumba. Kwenye video tundu pana peke yake halikusaidii kuondoa mtikisiko hata kidogo. Kwa kazi hiyo tu, ningeinunua tena.

Wakati huo ulimwengu ulikuwa umeshahamia kwingine. Olympus na Sony, kisha Nikon mwaka 2018 na Canon mwaka 2020, waliweka kizuia mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, kihisi chenyewe kikisogea, na kila lenzi ikanufaika. Canon waliotoa 85 ya f/1.4 yenye kizuia mtikisiko mwaka 2017 walikuja mwaka 2019 na 85 ya f/1.2 isiyo nacho. Kwa mwenye kamera mpya mabishano yameisha. Kwetu bado, kwa sababu kamera za kioo (DSLR) zinazouzwa Kampala wenyewe wakihamia mpya ndizo zinazoanza maisha mengine Arua na Koboko, na nyingi hazina kitu hicho mwilini.

Mwaka 2024 gridi ya taifa ilitufikia. Kumbi sasa zimejaa taa za LED, nyingi za bei rahisi, na zinapepesa mara 100 kwa sekunde kufuata umeme wetu wa hezi 50. Ukipiga moja ya mia mbili na hamsini chini yake, picha inatoka na mistari ya giza kama shuka la mfungwa. Dawa ni kushuka: moja ya mia, au bora zaidi moja ya hamsini. Kwa lenzi ya 85, ukifika moja ya hamsini tayari umevuka kanuni ya fundi wangu, na kile kizuia mtikisiko nilichokinunua kwa sababu ya giza ninakihitaji sasa kwa sababu ya taa. Keki inakatwa, wazee wanatoa nasaha, picha ziko safi. Ngoma ikipigwa, nawasha zangu za betri.

Vijana wa Koboko wakiniuliza wanunue ipi, nawauliza kwanza kamera yao ina nini mwilini, kisha wanapiga nini zaidi. Mwenye mwili wa zamani, mwenye kanisa na mahojiano, namwambia aongeze pesa akatafute yenye kizuia mtikisiko. Mwenye ngoma usiku kucha, achukue ile 50 ya plastiki, na chenji anunue taa.